Polima konjugeti: nira kwanza, umeme baadaye

Juzi nimesoma tena kwamba "polima konjugeti ni plastiki inayopitisha umeme". Kwingine nimezikuta zimeitwa "polima zilizonyambuliwa". Yote mawili yananikera, na la pili zaidi, maana linalipindua neno lenyewe.

Maana ni fupi. Polima ni molekuli ndefu kama mnyororo. Atomu zake zimeshikana kwa viungo viitwavyo bondi: bondi moja ni jozi moja ya elektroni, bondi maradufu ni jozi mbili. Ikiwa kwenye uti wa mnyororo huo bondi moja na bondi maradufu zinapokezana mfululizo bila kukatika, hiyo ni polima konjugeti. Polithini ya mifuko ina bondi moja tupu kwenye uti wake, kwa hiyo haimo. Poliasetilini imo, nayo ndiyo nyepesi kuelewa kuliko zote: kaboni moja na haidrojeni yake moja, tena na tena.

Sasa jina. Mwanakemia Mjerumani Johannes Thiele ndiye aliyeliingiza kwenye bondi maradufu, mwaka 1899. Mzizi wake ni Kilatini: con, yaani pamoja, na jugum, yaani nira. Wanasarufi nao walilichukua neno hilohilo kwa maumbo ya vitenzi, na sisi tuna mnyambuliko wa vitenzi. Naamini hapo ndipo mfasiri alipopotelea. Lakini kunyambua ni kuvuta kitu mpaka kirefuke au kichanike, kama mtu anavyonyambua nyama. Nira kazi yake ni kuwafunga wawili wasiachane.

Na Thiele alihitaji picha hiyo hasa. Alikuwa akichunguza molekuli zenye bondi maradufu mbili, katikati yao bondi moja. Katika mmenyuko, bondi hizo hazikuwa zikijibu kila moja kivyake. Kitu kipya kiliweza kujishika kwenye kaboni mbili za pembeni kabisa, huku bondi maradufu nyingine ikizuka pale katikati palipokuwa na bondi moja. Ukigusa huku, kule kunaitika. Hiyo ndiyo nira.

Ila ng'ombe kufungwa nira si kulima. Wengi hudhani kwamba bondi zikishapokezana, elektroni zinakimbia huru kutoka mwanzo hadi mwisho wa mnyororo kama ndani ya waya wa shaba. Hapana. Katika poliasetilini safi bondi hazilingani: fupi ina takriban pikomita 136 (pikomita ni sehemu moja ya trilioni ya mita), ndefu takriban 144. Tofauti hiyo ndogo inatosha kuacha pengo la nishati, na elektroni hazilivuki kwa urahisi. Poliasetilini safi ni nusu kipitishi, yaani umeme unapita kwa shida.

Mwaka 1977 Hideki Shirakawa, Alan MacDiarmid na Alan Heeger waliuweka utando wa poliasetilini unaong'aa kama fedha kwenye mvuke wa iodini, na uwezo wake wa kupitisha umeme ukapanda karibu mara milioni 10. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2000. Iodini haikuifanya ile polima kuwa konjugeti. Ilikuwa konjugeti tangu awali. Iliinyang'anya baadhi ya elektroni, na nafasi zilizobaki wazi ndizo zilizoruhusu chaji itembee.

Polianilini, polima konjugeti nyingine, inaonyesha mbele ya macho kwamba kuwa konjugeti si sawa na kupitisha umeme. Ikiwa katika hali yake ya besi (kinyume cha asidi) ni unga wa bluu iliyokoza, na umeme haupiti. Uloweke kwenye asidi ya haidrokloriki, unageuka kijani na umeme unapita. Uoshe kwa amonia, bluu inarudi na umeme unakatika. Hapa hata elektroni haikuondolewa, zimeingia na kutoka protoni tu, zile chembe zenye chaji chanya zinazotolewa na asidi. Basi ukiulizwa unga wa bluu ni polima gani, sema konjugeti. Wa kijani nao ni konjugeti, ila huo ndio unaoweza kuuita kipitishi.