Umoja wa forodha si kufutwa kwa forodha

"Si tuko umoja wa forodha jamani? Ushuru wa nini tena?" Dada mmoja aliyasema hayo Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania, katoni ya chupa za chai iko mezani mbele yake. Foleni nzima ikamuunga mkono. Mimi nilikuwa nyuma yake nimenyamaza, na hapa nayatoa niliyoyameza pale.

Umoja wa forodha ni nchi kukubaliana mambo mawili: zisitozane ushuru wa forodha kwa bidhaa zao wenyewe, na bidhaa za kutoka nje ya kundi zitozwe kiwango kimoja popote zinapoingilia. Wa Afrika Mashariki ulianza tarehe 1 Januari 2005. Basi.

La kwanza kila mtu analo mdomoni. La pili ndilo lililoupa umoja jina lake, na ndilo linalosahauliwa. Forodha tumeitoa kwenye Kiarabu, furdha, pahali vyombo vinapoteremshia shehena. Forodhani ya Unguja, kabla ya urojo na mishikaki, ilikuwa ya mizigo na makarani wa kuihesabu. Ushuru nao unatokana na moja ya kumi. (Laiti ingebaki hiyo moja ya kumi! Tangu Julai 2022 viwango vyetu vya pamoja ni 0, 10, 25 na 35 kwa mia, na sukari na mchele vina vyao vya juu zaidi.) Kwa hiyo tulichounganisha ni forodha zenyewe. Hatukuzivunja.

Panapofutwa ushuru wa ndani peke yake, kila nchi ikabaki na viwango vyake kwa wageni, panaitwa eneo huru la biashara. SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ni hivyo. Tanzania imo kote kuwili, labda ndiyo sababu tunachanganya. Tofauti si ya maneno matupu: Mombasa ingetoza 10 na Dar es Salaam 25 kwa sufuria ile ile, sufuria zote zingeshukia Mombasa, zipande lori hadi Singida. Kiwango kikiwa kimoja, ujanja huo unakosa faida, na kiwanda cha Mwanza kinauza Kigali na Bujumbura bila ushuru huku sufuria ya mbali ikilipa.

Ndiyo maana mpakani bado wanauliza asili ya mzigo. Usiozidi dola 2,000, ukiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, una cheti rahisi cha uasili, kinajazwa palepale. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ni habari nyingine. Hiyo hakuna aliyeahidi kuifuta.

Ofisa aliigeuza chupa moja, akamwonyesha yule dada maandishi ya kitakoni: China. Dada yangu, kuzinunua Nairobi hakukuzifanya za Kenya. Ungekuwa na gunia la maharage ya Kenya ungekuwa na haki ya kuutaja umoja wa forodha kwa sauti ile ile, ila na cheti mkononi.