Je, wajua kwa nini kijana wa miaka 25 anaweza kuwa mzee wa 80 jukwaani na ukamwamini?

Umekaa siti ya nyuma kabisa, sura ya mwigizaji huioni vizuri, zile mvi unajua ni poda tu, lakini kabla hajafungua mdomo ushajua huyu ni mzee na kuna kitu kinamsumbua. Umejuaje? Mi hili swali limenikaa kichwani muda mrefu, na kwa ninavyoona jibu kubwa liko kwenye uzito wa mwili na pumzi.

Kwenye filamu kamera inasogea mpaka kwenye kope, jukwaani hamna hiyo. Waigizaji wa Ugiriki ya kale walivaa vinyago, uso wote umefunikwa, na ukumbi kama ule wa Epidaurus ulibeba watu wanaokaribia 14,000, kwahiyo mwili na sauti ndo vilibeba kazi yote.

Sasa mwigizaji mchanga ukimwambia acheze mzee atapinda mgongo na kutetemesha mkono, na watu wanaona mtu anayeigiza uzee basi. Mzoefu anajiuliza, goti langu likiuma hivi nitakaaje? Anakitafuta kiti kwa mkono kwanza, anashusha uzito taratibu, pale mwisho anajiachia kidogo, akitaka kutazama pembeni anageuka na mabega yote maana shingo haizunguki tena. Ni kama kuigiza mlevi: mlevi anajitahidi kutembea wima, na yale majitihada ndo yanayomuumbua. Konstantin Stanislavski, mwigizaji na mwongozaji wa tamthilia wa Urusi (1863-1938), miaka yake ya mwisho alikazia sana jambo hili, fanya kitendo cha mwili kwa ukweli na hisia itakufuata, na mi nakubaliana nae kabisa. Alafu kuna No (Noh), tamthilia za jadi za Japani, pale kinyago ni cha mbao hakibadiliki hata kidogo, ila mwigizaji akikiinua kidogo tu uso unachangamka, akikiinamisha unaingia huzuni. Shingo tu hiyo!

Upande wa sauti watu wanadhani ni kupaza. Hapana, ni pumzi. Mtu akiogopa pumzi inapanda juu kifuani, koo linakaza, nyuzi za sauti zinavutika na sauti inatoka nyembamba, ndo maana mwigizaji mzuri akitaka uoga anaanza kubadilisha pumzi, sauti inakuja yenyewe. Mnong'ono nao ni kazi ngumu kuliko kelele, kwa sababu ukinong'ona kweli nyuzi za sauti hazitetemi na hakuna atakayekusikia mbali, kwahiyo wa jukwaani unatengenezwa kwa pumzi nyingi, konsonanti zilizokatwa vizuri na mara nyingi sauti kidogo ndani yake.

Na Kiswahili kina mtego wake. Maneno yetu mengi yanaishia na irabu, pumzi ikiisha ile silabi ya mwisho ndo inamezwa ya kwanza, sasa meza mwisho wa "nipige" na "nipigie" uone kama mtu wa nyuma atajua unaomba simu au kofi. Tena swali na jibu kwetu yanaweza kuwa neno lile lile, "umekuja" ukiipandisha mwishoni ni swali, ukiishusha taratibu ni faraja, ukiikata kavu huku umemkazia mtu macho ni vita.

Ndo maana yule mzee wetu akisikia mlango nyuma yake hageuki haraka. Kimya kwanza, kirefu, mkono unaganda juu ya kiti, pumzi inaingia, mabega yanashuka, kisha kwa sauti ya chini inayofika mpaka siti ya mwisho: "Umekuja." Na ukumbi mzima unajua alikuwa anamsubiri mtu huyo miaka mingi, na wala hajageuka bado.