Mjamzito hali kwa ajili ya watu wawili
Kuanzia Kayole hadi Kawangware jijini Nairobi, mjamzito huongezewa chapati: "Kula, mko wawili." Si kweli. Miezi 3 ya kwanza mwili hauhitaji chakula cha ziada. Baadaye nyongeza ni takriban kalori 340 kwa siku, kisha 450 miezi 3 ya mwisho. Kwa aliyeshika mimba akiwa mnene kupindukia, mwongozo wa Marekani wa 2009 unapendekeza aongeze kilo 5 hadi 9.

Kinachoniuma ni anavyovutwa huku na huku. Nyumbani akikataa sahani, eti anamnyima mtoto. Kliniki akipanda mizani, anasemwa mbele ya foleni. Wengine huanza kukwepa kliniki kwa aibu, na huko ndiko shinikizo la damu na kisukari cha mimba hugunduliwa mapema. Mama, mwombe muuguzi akupime faraghani.