Nauli ya mpira: yanayosemwa kijiweni na hesabu zilivyo

Ratiba ya Ligi Kuu ikitoka, kundi la WhatsApp la tawi letu la mashabiki huanza na shangwe na kuishia na ugomvi. Shangwe ni za mechi, ugomvi ni wa nauli. Mimi ndiye mweka hazina, kwa hiyo matusi yote huanzia kwangu. "Mweka hazina, mwaka jana tulichanga nusu ya hii, nyingine umepeleka wapi?" Nimesikia kila aina ya maelezo kuhusu kwa nini kwenda mpirani kumekuwa ghali. Mengine yana ukweli ndani yake. Mengi hayasimami ukiyashikia kalamu.

"Mafuta yamepanda, ndiyo maana"

Hii ndiyo inayoongoza. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na jioni hiyohiyo mwenye Kosta, basi dogo tunalokodi, anapiga simu: ile bei tuliyokubaliana imekufa.

Haya, tupige hesabu. Dar hadi Mbeya ni kama kilomita 830, kwenda na kurudi 1,660. Tuseme Kosta inakwenda kilomita 6 kwa lita, maana imejaa watu na ngoma na mlima Kitonga uko mbele. Hapo zinatoka lita 277 hivi. Dizeli ikipanda shilingi 100 kwa lita, safari nzima imeongezeka shilingi 27,700. Gawa kwa abiria 28. Haifiki hata 1,000 kwa kichwa. Kwa hiyo mtu akikupandishia 10,000 kwa kichwa kwa sababu ya shilingi 100 ya EWURA, hiyo 9,000 iliyobaki ina jina lingine.

Jina lenyewe si lazima liwe wizi. Gari la kukodi hulipiwa siku, na mafuta ni sehemu tu ya bei. Likiondoka Ijumaa usiku na kurudi Jumapili, siku hizo zote halijabeba abiria mwingine, na muda mrefu limesimama tu nje ya uwanja likitungoja tushangilie. Safari ya saa zaidi ya 8 inataka dereva wa pili, na wote wawili wanakula, wanalala na kulipwa. Kuna kibali cha gari kutoka nje ya ruti yake. Kuna tairi na spea, ambazo dola ikipanda nazo hupanda, hata wiki ambayo dizeli imeshuka. Ndiyo sababu nauli ya kukodi huwa haishuki mafuta yakishuka.

Halafu kuna jambo wanachama wangu hawapendi kulisikia. Wiki ya mechi kubwa, matawi yote yanatafuta magari yaleyale. Ukimpigia mwenye gari zikiwa zimebaki siku tatu, anakupa bei ya mtu asiye na pa kwenda. Na tunachelewa kupiga kwa sababu hakuna anayetoa mchango mpaka asikie kwamba mshambuliaji wetu amepona goti. Sehemu ya nauli yetu, jamani, ni bei ya ubishi wetu wenyewe.

"LATRA wamepanga nauli, kwa hiyo tunaibiwa"

Tuanze na walichopanga hao LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa nchi kavu. Desemba 2023 nauli kikomo ya basi la kawaida la masafa marefu ilitoka shilingi 41.29 hadi 48.47 kwa abiria kwa kilomita, na ya daraja la kati ikatoka 56.88 hadi 67.84. Kwa mtu wa Dar anayekwenda Mbeya kwa basi la kawaida, ni kutoka kama 34,300 hadi 40,200. Kwenda na kurudi ni zaidi ya 80,000, kabla hujanunua hata maji. Weka pembeni kiingilio cha viti vya mzunguko, vya bei ya chini, cha 5,000, au hata 10,000 timu kubwa zikija. Tunagombana na mtu wa dirishani kwa ajili ya kiingilio, wakati tiketi kubwa ya mechi tulishailipa stendi siku moja kabla.

Viwango hivyo ni vya mabasi na daladala zenye ruti. Kosta ya tawi ni mapatano, na mkishakubaliana mmekubaliana. Kwa hiyo kumwita mwenye gari mwizi kwa kunukuu LATRA ni kupoteza pumzi.

Lakini kuna mahali LATRA inapaswa kuwa upande wako na wengi hawajui: daladala siku ya mechi. Katika mabadiliko yale ya Desemba 2023, nauli ya safari isiyozidi kilomita 10 ilitoka 500 hadi 600. Siku ya dabi ya Simba na Yanga kwa Mkapa, yaani Uwanja wa Benjamin Mkapa, konda mjanja hakutajii 1,000, maana anajua ni kosa. Anachofanya ni kukatisha ruti. Mnafika TAZARA, anapiga bodi, "Mwisho wa gari!" Mnashuka, mnapanda nyingine, mnalipa upya. Nauli haijapanda hata senti moja na wewe umelipa mara mbili. Kukatisha ruti nako ni kosa, na namba ya gari inatosha kulifikisha mbele. Katika mabishano yote ya nauli, hili ndilo ningependa watu walikazanie, kwa sababu hapa sheria ipo tayari.

Bodaboda tumwache. Bei yake ni mdomo wako na mdomo wake, na filimbi ya mwisho ikishalia, mdomo wake una nguvu zaidi. Mimi hutembea.

"Anayeumia ni shabiki wa Dar anayeifuata timu mikoani"

Ukikaa Dar ni rahisi kuamini hivyo. Sisi ndio wenye kelele na sisi ndio tunaopiga picha na Kosta yenye bendera.

Ila Simba na Yanga zina watu kila wilaya ya nchi hii. Shabiki wa Sumbawanga au Songea hana "nyumbani" na "ugenini" kama sisi. Mechi ya nyumbani ya timu yake inachezwa mwendo wa kutwa nzima barabarani, na kama mkoa wake hauna timu ya Ligi Kuu, hata ile ziara moja ya msimu haipati. Kagera Sugar ilipoteremka daraja mwishoni mwa msimu wa 2024/25, watu wa Bukoba walipoteza zaidi ya timu ya mkoa. Ziara za vigogo katika uwanja wao wa Kaitaba ziliondoka nayo, na msimu uliofuata timu ya karibu nao ikawa Pamba Jiji, Mwanza, upande wa pili wa ziwa. Nauli yao ilipanda bila bei ya dizeli kusogea.

Msimu ukianza, wakati wa Simba Day na Wiki ya Mwananchi ya Yanga, matamasha ya klabu hizo, nenda stendi ya Magufuli pale Mbezi alfajiri uone jezi zinazoshuka. Hao ndio wasafiri wakubwa wa mpira wa Tanzania, na wanasafiri kuja.

"SGR imemaliza tatizo"

Imelimaliza kwa Morogoro na Dodoma, na tatizo lililokwisha ni la muda zaidi kuliko la fedha. Tangu treni ya umeme ianze katikati ya 2024, nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa ni 13,000 hadi Morogoro na 31,000 hadi Dodoma. Hiyo 31,000 inalingana na basi la daraja la kati, na ni zaidi ya basi la kawaida. Unachonunua ni kufika Dodoma kwa saa nne hivi ukiwa hujakunjamana. Mtu wa Mbeya, Kigoma, Ruangwa au Babati bado yuko barabarani.

"Klabu huwa inalipa"

Hailipi. Yupo mdhamini au mbunge anayetoa basi moja, basi hilo linapigwa picha, na nchi nzima inaamini mabasi yote yalitolewa. Ni kweli kwamba 2023 Yanga ilipokwenda Algiers kwa marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho, Rais Samia alitoa ndege. Ndege ina viti vyake. Waliobaki waliangalia kwenye kibanda umiza, nami nikiwemo.

"Kama nauli huna, si uangalie Azam?"

Watu husema hili kwa dharau, na wanasahau televisheni yenyewe ni mhusika katika kesi hii. Mkataba wa Azam kuonyesha Ligi Kuu uliosainiwa 2021 ni wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Fedha hizo zimesaidia klabu ndogo kulipa mishahara, sina ugomvi nazo. Lakini anayelipa hivyo anataka mechi zisigongane, kwa hiyo zimetawanywa, jioni, usiku, katikati ya wiki. Mechi ikianza saa 3 usiku, anayetoka mbali anaongeza gharama ya kulala. Mechi ya Jumatano inamtaka mwajiriwa aombe ruhusa siku mbili, na kibarua asiyefanya kazi siku mbili hana wa kumwomba ruhusa wala wa kumlipa. Hiyo pia ni nauli, ingawa haipiti mikononi mwa konda.

Nafuu moja ilikuja 2023, mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku baada ya zuio la miaka mingi. Zamani mechi ikiisha jioni mkoani, ulikuwa mateka wa gesti mpaka asubuhi. Sasa unaweza kutoka uwanjani moja kwa moja hadi stendi, ukalala kwenye kiti.

"Fainali ya nyumbani ni nyumbani"

Muulize mtu wa Msimbazi, yaani wa Simba, kuhusu Mei 2025. Simba imefungwa 2-0 na RS Berkane kule Morocco, marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho yanakuja, na Dar nzima inasubiri kujaza viti 60,000 vya Mkapa. CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikasema uwanja hauko katika hali inayotakiwa. Mechi ikahamishiwa New Amaan, Zanzibar, kwenye uwanja unaobeba kama robo ya watu hao.

Kwa mtu wa Temeke aliyezoea kwenda kwa Mkapa kwa miguu, fainali ya nyumbani ilikuwa boti kwenda, boti kurudi, na mahali pa kulala Unguja kama hukuwahi. Kwa aliyetoka Mwanza ilikuwa basi, kisha hayo yote. Hapa hakuna mwenye gari wa kulaumiwa. Nyasi zilizochoka Dar zilipandisha gharama ya shabiki kwa usiku mmoja kuliko EWURA inavyoweza kwa mwaka mzima, na mechi ikaisha 1-1.

Wakenya wanaelewa zaidi. Viwanja vyao vikifanyiwa ukarabati, Harambee Stars walicheza mechi zao za "nyumbani" za Juni 2024 huko Lilongwe, Malawi. Shabiki wa Nairobi alihitaji pasipoti kwenda nyumbani.

"Ulaya shabiki anatunzwa"

Inategemea Ulaya ipi. Uingereza, tangu msimu wa 2016/17 tiketi ya shabiki mgeni katika Premier League haizidi pauni 30, na mashabiki waliipigania wakaipata. Lakini kikomo hicho ni cha kiingilio tu. Treni ya kutoka London kwenda Newcastle haina habari nacho, na nako mechi huhamishwa kwa ajili ya televisheni baada ya watu kukata tiketi za treni za bei nafuu. Malalamiko yao ukiyasoma ni yetu, tofauti ni sarafu.

Ujerumani ndiko kuna la kuiga. Kwenye Euro 2024, tiketi ya mechi ilikuja na saa 36 za kupanda usafiri wa umma wa eneo la mji wa mechi bila kulipa zaidi, na klabu nyingi za Bundesliga zina utaratibu unaofanana na huo msimu mzima. Watu huniambia hilo haliwezekani kwetu. Mimi nina N-Card mfukoni, kadi ya kulipia. Naigusisha kivukoni Kigamboni na naigusisha getini kwa Mkapa. Kadi ni moja. Mashine zinaweza, waliobaki kukubaliana ni watu, na AFCON 2027 inakuja Tanzania, Kenya na Uganda.

"Ukishafika, umefika"

Hii niliiamini mpaka Machi 8, 2025. Jumamosi, Dabi ya Kariakoo, mabasi yametoka mikoani usiku kucha. Simba wakatangaza hawachezi, wakilalamika kuwa walizuiwa kufanya mazoezi ya mwisho uwanjani usiku uliotangulia. Siku hiyohiyo Bodi ya Ligi ikaahirisha mechi. Yanga walifika uwanjani hata hivyo. Hakukuwa na mpira.

Nilikuwa na wageni wanne wa tawi rafiki kutoka bara, wamelala sebuleni kwangu. Mmoja alikuwa ameuza mbuzi. Tulikaa na simu zetu tukisoma taarifa ileile mara kumi, kama vile ikisomwa tena itabadilika.

Mechi ikasogezwa hadi Juni 15, kisha ikasogezwa tena, ikachezwa Juni 25, siku ya Jumatano. Yanga wakashinda 2-0 na kuchukua ubingwa. Katika wale wanne alirudi mmoja. Siku hizo zote daftarini kwangu nilibakiza mstari mmoja bila kuufunga, wa michango ya Machi, kwa sababu tiketi ya mechi inaweza kupangiwa tarehe nyingine, lakini sikumjua mtu wa kumpelekea risiti ya basi.