Kinga radi kwenye mapanga ya mtambo wa upepo maana yake nini?

Huku Dar ukitaja kinga radi watu wanajua ni kile chuma chenye ncha juu ya ghorofa, na wengi wanaamini kazi yake ni kuifukuza radi. Hapana bana, kazi yake ni kuipokea. Radi ikitaka kushuka itashuka tu, we unachoweza ni kuipa njia.

Sasa chukulia pangaboi la sebuleni kwako, ila kila panga lina mita 50 au 60 na lipo juu ya mnara kilimani peupe, linazungushwa na upepo kufua umeme. Panga lenyewe ni faiba, hii hii ya kutengenezea boti, ndani lina uwazi na mbao nyepesi za balsa au povu gumu. Faiba haipitishi umeme vizuri ndo mtu anadhani liko salama, kumbe balaa linaanzia hapo. Radi inatoboa ganda inaingia ndani kutafuta chuma, inapopita joto linafika nyuzi kama 30,000, hewa inatanuka ghafla na unyevu uliojificha mle unageuka mvuke hapo hapo. Kasimame kwa mwenye mkokoteni wa bisi pale Mbagala uangalie, punje ina maji kidogo tu ndani ila moto ukikolea mvuke unakosa pa kutokea, paa! Panga nalo linafumuka hivyo hivyo kwenye mshono wa ukingo wa nyuma, hasa huku nchani maana ndo kunapigwa zaidi.

Kwahiyo wanaweka nchani vipande vya chuma, vidogo ka kizibo cha soda, vinaitwa risepta, toka hapo waya mnene unapita ndani ya panga mpaka kwenye shina lake, unashuka na mnara mpaka ethi, yaani ardhini. Kiwango cha kimataifa IEC 61400-24 ngazi ya juu kabisa inataka mfumo uhimili ampea 200,000, na meni swichi ya nyumbani kwako labda ni 60 au 100 (we linganisha mwenyewe). Mapanga yenye nyuzi za kaboni ndo yanasumbua zaidi, kaboni inapitisha umeme kiasi, isipofungwa pamoja na ule waya radi inaruka toka huku kwenda kule na kuchoma gundi.

Alafu kuna kitobo kidogo nchani cha kutolea maji, kikiziba maji yanakaa mle mle yanasubiri radi. Na waya ukikatika kwa ndani nje huoni kitu, ndo maana fundi anapanda na mita yake, ncha moja kwenye risepta nyingine kwenye shina, anasoma omu, yaani waya unaukinza umeme kiasi gani.