SURJETAIS ya Mama Fundi: tunavyokosea tukichambua mechi ya Scrabble

Jumamosi moja huku Katuba, Lubumbashi, nilifungua mechi ya Scrabble, ule mchezo wa kupanga herufi zenye alama ubaoni ziwe maneno, huku kwetu ya Kifaransa, nikiwa na herufi A, E, I, J, S, T, T. Sikufikiri hata nusu dakika. Niliweka JETAIS, yaani "nilikuwa nikitupa", J ikikalia mraba wa nne, ule unaozidisha herufi mara mbili. J ni 8, ikawa 16, na zile nyingine tano zikafanya 21. Neno la kwanza hupita katikati ya ubao na kuhesabiwa mara mbili: 42. Waliozunguka meza wakaguna kwa kuridhika.

Mbele yangu alikaa jirani, mama mshonaji, mwenye mashine mbili barazani: cherehani, na ile ya kufunga pindo ambayo huku kila mtu anaiita surjet. Alitazama ubao, akacheka kidogo, akapanga herufi tatu kabla ya J yangu: S, U, R.

"Mama, ile neno iko?"

"Iko. Miye nafanyaka surjet kila siku, mwana."

SURJETAIS, yaani "nilikuwa nikifunga pindo", ilifika hadi ukingoni, kwenye mraba mwekundu unaozidisha neno mara tatu. 16 mara 3, alama 48, kwa herufi tatu tu. Mwishowe nilishindwa kwa alama 12, na tangu siku ile kila aliyesikia habari hiyo ana maelezo yake. Mengi hayasimami.

Dhana: kosa ni lile lililoadhibiwa

"Ulimfungulia mlango mwenyewe." Hiyo ndiyo hukumu ya kwanza, na inatolewa kwa sauti kubwa kuliko zote. Basi tuhesabu. Seti ya Kifaransa, ambayo ndiyo tunayochezea, ina herufi 102. Mimi nilikuwa nimeona 7. Zilibaki 95, na ndani yake S 5, U 6 na R 6. Mtu akivuta herufi 7 kutoka hapo, uwezekano wa kukuta S, U na R zote tatu mkononi mwake, jokeri, zile herufi tupu zinazosimama badala ya yoyote, tukiziweka kando, ni kama mara 3 katika 100. Tena akizikuta, sharti alijue neno.

Kujikinga kuliwezekana: ningesogeza JETAIS upande wa pili, J iondoke kwenye mraba wake, na S ya mwisho iangukie mraba mwingine wa herufi mara mbili. Ningepata 28. Yaani nilipe alama 14 papo hapo, kwa uhakika, nikiogopa jambo linalotokea mara 3 katika 100. Hapana. Mlango ule ulistahili kuachwa wazi, na nikipewa herufi zilezile kesho nitauacha tena.

Kosa langu lilikuwepo, ila hakuna aliyeliona, mimi mwenyewe nikiwemo, mpaka usiku nilipokaa na karatasi. Nilikuwa na T mbili. JETAIT, "alikuwa akitupa", ingekaa palepale na kuleta 42 zilezile, bila kupungua hata moja. Tofauti ni herufi ninayobaki nayo mkononi: nikicheza JETAIS nabaki na T, nikicheza JETAIT nabaki na S. Na S kwa Kifaransa ni ufunguo wa nyumba nyingi. Hufunga wingi wa majina, hufunga vitenzi vya "je" na "tu", hukuwezesha kuning'iniza neno lako jipya kwenye mkia wa neno lililokwisha kuwekwa. Ziko 6 tu katika mfuko mzima. Mimi moja niliimwaga bure, kama mtu anayelipia kilo moja ya unga kwa noti kubwa na kuondoka bila chenji.

Na ungekuwaje mkondo wa mechi kama ningeibakiza? Hakuna ajuaye, na swali lenyewe halisaidii. Mchezo hupimwa kwa yale mchezaji aliyoyajua alipoweka herufi mezani. Kilichotoka mfukoni baadaye ni habari nyingine.

Dhana: neno lenye alama nyingi ndilo mchezo bora

Hapa ndipo ugonjwa wangu ulipoanzia. Wengi wetu tulilelewa na duplicate, ule mtindo wa Mbelgiji Hippolyte Wouters wa mwaka 1972. Wote mnapewa herufi zilezile, mna dakika tatu, kila mmoja anaandika neno lake kwenye karatasi, kisha lile la alama nyingi zaidi, topu, ndilo linalowekwa ubaoni kwa wote. Katika duplicate, kubakiza S hakuna faida yoyote, maana masalio ni ya wote. Kufunga mlango pia hakuna maana, kwa sababu atakayepita hapo ni wewe na mimi kwa pamoja. JETAIS na JETAIT zote ni topu, zote zina haki sawa, unaandika ile iliyokujia kwanza. Mkono wangu ulizoea hivyo.

Mechi ya watu wawili ni dunia nyingine. Pale unalinganisha mambo matatu kwa pamoja: alama unazochukua, herufi unazobakiza, na nafasi unayomwachia mwenzako. Mchambuzi anayepita zamu kwa zamu akiuliza tu "topu ilikuwa ngapi?" anachambua mchezo ambao haukuchezwa siku ile. Nimewaona wachezaji wakali wa duplicate wakichapwa hivi hivi na mtu wa maneno ya kawaida, kisha wakatoka wakisema alikuwa na bahati.

Dhana: mabingwa huweka maneno marefu

Herufi saba kwa mkupuo ni jambo tamu, na zina zawadi ya alama 50. A, E, I, N, R, S, T zikikujia unachagua: SENTIRA, ENTRAIS, TRAINES. Ila urefu wenyewe haulipwi. Fikiria E iko ubaoni na chini yake kuna mraba wa herufi mara tatu. Weka X hapo na I pembeni yake: XI kwa mlalo ni 31, EX kwa wima ni 31. Alama 62 kwa herufi mbili. WHISKY, pamoja na W, K na Y zake za 10 kila moja, kabla ya miraba ya zawadi ni 36 tu.

Dhana: anayejua Kifaransa zaidi ndiye anayeshinda

Mwaka 2015, Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa huko Ubelgiji, akimshinda Mgabon Schélick Ilagou Rekawe kwenye fainali. Richards hazungumzi Kifaransa. Alikariri orodha ya maneno kwa muda wa wiki tisa hivi. Mwaka 2018 akarudia. Sitaongeza neno, ila kwamba yule profesa wa mtaani kwetu anayesahihisha sarufi ya kila mtu sijamwona akishinda Jumamosi hata moja.

Kuna upande wa pili ambao watu wanausahau: neno moja la kazi ya mtu linaweza kuizidi orodha. Mama Fundi hakukariri SURJETAIS. Anaishona.

Dhana: tia mechi kwenye programu, itakuambia ukweli

Programu kama Quackle zinasaidia sana, sikatai. Zinachukua alama za neno, zinaongeza thamani ya herufi zinazobaki mkononi, kisha zinaweza kuendeleza mechi mara nyingi mno kwa herufi za kubahatisha na kutoa wastani. Wastani huo lakini unahesabu mpinzani anayejua maneno yote. Yule aliye mbele yako anajua mengine na mengine hayajui. Vilevile programu haiwezi kuchambua kile ambacho hukukiandika, na hapa wengi wetu tumekwama: tunahifadhi maneno na alama, hatuhifadhi herufi zilizokuwa mkononi. Ukiwa na neno JETAIS na namba 42 peke yake huwezi kujua kwamba kulikuwa na T ya pili.

Dhana: mwisho wa mechi ni bahati

Mwanzoni bahati ipo, haina ubishi: mtu kupata walau jokeri moja katika herufi zake saba za kwanza ni kama mara 13 katika 100. Mfuko ukiisha, bahati nayo imekwisha. Toa zilizo ubaoni na zilizo mkononi mwako katika 102, zilizobaki ni za mwenzako, moja moja.

Mimi siku ile sikutoa chochote. Zamu mbili kabla ya mwisho WU ilikuwa na mahali, nikaikalia W yangu nikisubiri bei nzuri zaidi. Mama Fundi alimaliza herufi zake nami W ikiwa bado mkononi mwangu: akaongezewa 10, nikapunguziwa 10. Hiyo ni tofauti ya alama 20 katika mechi niliyoshindwa kwa 12. Wanaopenda kunikumbusha SURJETAIS hawataji W kabisa, labda kwa sababu haikumfanya mtu yeyote acheke.

Sasa nimechora safu ya tatu kwenye daftari, baada ya neno na alama: herufi zilizobaki. Mama Fundi aliiona, akaniuliza ni deni la nani ninaloandika.