Mbwa wa mbio za vizuizi: yanayosemwa na ukweli wake

"Miguu ya nyuma ndiyo huumia, maana ndiyo inayoruka."
Ya nyuma husukuma, ya mbele hupokea. Hata akiwa amesimama tu, takriban asilimia 60 ya uzito wa mbwa iko mbele. Anapotua, mzigo huo huongezeka mara kadhaa. Tena mbwa hana mtulinga wa kuunganisha bega na kifua: mguu wa mbele umeshikwa na misuli na kano tu. Ndiyo sababu bega huumia sana katika mchezo huu.

Weka simu ubavuni mwa kizuizi, usawa wa bega la mbwa, urekodi kwa mwendo wa polepole. Angalia kama shingo inapinda angani kukutafuta. Ukimwita kwa kuchelewa, atakata kona huku anatua, na mguu wa ndani utabeba msokoto wote. Mwonyeshe kona kabla hajaruka.

"Mchanga wa ufuoni ni laini, hauna madhara."
Mchanga mkavu hutitia, kano zikavutika na mbwa akachoka upesi. Pale ufuo wa Nyali, Mombasa, ngoja maji yapwe, utumie mchanga mbichi ulioshikamana. Ufuo una mteremko pia, basi mkimbize kwenda na kurudi, miguu ya upande mmoja isielemewe.

"Bomba la kurukiwa lisiloanguka humfunza kuruka juu."
Humvunja mguu. Bomba la plastiki lilale tu juu ya vishikizo, lidondoke likiguswa. Waya na saruji, hapana.

"Aanze kuruka akiwa mdogo."
Mifupa ya mbwa wengi humaliza kukua karibu na mwaka mmoja, ya wakubwa hadi miezi 18. Kabla ya hapo, bomba lilale chini.

"Joto la Mombasa ameshalizoea."
Mbwa hupoa kwa kuhema, na hewa yetu yenye unyevu hupunguza nguvu ya kuhema huko. Januari hadi Machi, fanyeni mazoezi saa kumi na mbili asubuhi. Joto la mwili likifika nyuzi 41, mmwagie maji ya bomba na kumpepea kwanza, ndipo umkimbize kwa daktari wa mifugo. Usimwachie taulo bichi mgongoni. Huzuia joto kutoka.

"Hachechemei, basi mzima."
Akinogewa na mchezo huficha maumivu. Kichwa kikiinuka kila mguu fulani wa mbele unapokanyaga, huo ndio unaouma. Akianza kuangusha mabomba aliyoyazoea, wengi humwita mkaidi na kumwongezea mazoezi; wewe mpumzishe, apimwe. Wala usimpe ibuprofeni yako: humtia vidonda vya tumbo na kuharibu figo.